Kufuli la Ukoo

Mtu ninayetaka kuwasimulia ana jina lake zuri tu alilopewa na baba yake, lakini kiwandani kwetu hakuna anayelijua. Wanamwita Shemeji. Lawama ni zangu. Siku alipoanza kazi nilimwona ng'ambo ya kizimba cha roboti amesimama kama mtu aliyeshuka kituo sicho, nikapaza sauti, "Shemeji, karibu motoni!" Ni mume wa mdogo wangu, ningemwitaje tena? Kufika mapumziko ya chai sehemu nzima ilikuwa inamwita Shemeji, hata watu wasio na dada. Msimamizi alimwita hivyo kwenye spika. Mlinzi wa getini, mzee asiyecheka na mtu, akamwambia, "Shemeji, fungua begi." Akafungua. Nilimwuliza kama linamkera, akasema afadhali hilo kuliko alilokuwa anaitwa shuleni, na mpaka leo amekataa kuniambia shuleni alikuwa anaitwa nani.

Tunaunganisha magari. Mtu akisikia hivyo anapata picha ya gari linalong'aa, lenye harufu ya viti vipya. Hayo yako mwisho wa jengo, mimi huyaona nikienda chooni, tena nikipata wa kunishikia nafasi. Sisi tuko mwanzo, sehemu ya bodi, ambako gari bado ni mabati. Kazi yangu ni kupanga mabati ya milango juu ya meza ya chuma. Nikimaliza narudi nyuma, nabonyeza kitufe, meza inazunguka na kuingia kizimbani. Humo vibano vinayabana mabati kwa nguvu ya hewa, roboti zinainama na kuchomelea, cheche zinaruka. Meza nyingine inanijia tupu, napanga tena. Ni hivyo hivyo mpaka zamu iishe, nimesimama juu ya saruji, masikio nimeziba, ovaroli nimeifunga mpaka shingoni hata kama joto linataka kuniua. Jioni miguu naitia kwenye beseni la maji ya chumvi na siongei na mtu mpaka irudi kuwa yangu.

Kizimba ni uzio wa waya uliopita kimo cha mtu, una geti moja. Ndani yake binadamu hana shughuli mpaka kitu kikwame, na kitu hukwama kila mara: bati limekaa upande, kibano kimegoma kufunguka. Hapo roboti zinasimama na spika inaanza kupiga wimbo. Kila sehemu ina wimbo wake ili mafundi wajue wakimbilie wapi. Sisi tulipewa kile kiwimbo cha vidude vya kuchezea watoto, ti-ri-ri, ti-ri-ri, hakinyamazi mpaka kazi irudi. Siku moja nilikuwa benki, simu ya mtu ikalia kwa wimbo ule ule, nikaruka kwenye foleni kama nimeng'atwa.

Shemeji alikuwa fundi wa kizimba. Wimbo ukilia, yeye na wenzake wawili ndio wanaoingia. Wa kwanza tulimwita Profesa kwa sababu ya miwani, na wa pili Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza.

Sheria ya kuingia ni rahisi. Kila fundi ana kufuli lake jekundu lenye picha yake, na ufunguo wake mmoja anatembea nao. Kabla ya kupita geti unashusha swichi kubwa na kulifunga kufuli lako hapo. Mkiingia watatu, makufuli matatu. Swichi haipandi na roboti haziamki mpaka kila mmoja atoke na kufungua lake kwa mkono wake mwenyewe. Maana yake uhai wako uko mfukoni mwako, hauko mfukoni mwa mwenzako. Aliyeibuni sheria hiyo, popote alipo, namwombea mema.

Sasa, waliopanga kiwanda waliyatundika makufuli hayo kwenye ubao ukutani, karibu na ofisi, mbali kabisa na geti, ili wageni wakija wayaone. Yanapendeza kweli. Na juu ya geti wakatundika skrini. Wimbo ukianza tu skrini inakuwa nyekundu na kuanza kuhesabu magari tunayopoteza, na mahali fulani ghorofani kuna mtu anayeitazama na kuinua simu. Fundi akimbie mpaka ubaoni, arudi, afunge, na bati lenyewe linatoka kwa kofi moja? Basi ikazuka desturi. Msimamizi wetu, Bosi Mdogo, alikuwa anatembea na kufuli lake kiunoni. Kitu kikikwama yeye anafunga lake, mafundi wote wanaingia chini ya hilo moja. Wenyewe waliliita kufuli la ukoo. "Ingieni, ingieni, la ukoo lipo!" Watu wanacheka, bati linatoka, skrini inarudi kijani. Hakuna mkubwa aliyeamuru hivyo, na hakuna mkubwa aliyepita pale akakataza, na wakubwa wana macho kama sisi.

Nisimpake Bosi Mdogo matope. Alianza kazi kwenye meza hii hii ninayopangia mabati, na nikitaka kwenda chooni yeye mwenyewe ndiye alikuwa ananishikia nafasi. Lakini redio ya upepo ilikuwa haimtoki sikioni, na ndani yake kulikuwa na mtu anayefoka wakati wote. Nilimwona akikonda mwaka hadi mwaka.

Shemeji mwenyewe ni mtu wa taratibu. Mdogo wangu ni fundi cherehani, na walijuana alipoleta suruali kupunguzwa urefu. Wiki iliyofuata akaleta nyingine, kisha ile ya kwanza tena, mpaka nikamwambia mdogo wangu, "Mkubalie huyu kabla hajaanza kutembea na kaptura." Wakaoana, wakapanga vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Chumba cha mbele ni cherehani, vitambaa, na magauni ya watu yaliyoning'inizwa kiasi kwamba ukiingia unasalimiana na mikono mitupu. Wana binti mmoja. Jumapili ndiyo siku mdogo wangu anayomalizia nguo za harusi, kwa hiyo kusuka nywele za mtoto kukamwangukia baba. Mwanzoni mtoto alikuwa anatoka kama kuku aliyenyeshewa. Lakini Shemeji hana haya ya kujifunza. Alikaa kwa jirani mmoja msusi, akatazama vidole vyake, akajaribu, akafumua, akajaribu tena. Baada ya muda watoto wa jirani wakawa wanakuja na vitana vyao kupanga foleni, naye anawasuka huku anawasimulia hadithi zisizo na kichwa wala miguu.

Ajali ilitokea asubuhi moja ya kawaida. Bati lilikaa upande, wimbo ukaanza, Bosi Mdogo akafunga kufuli la ukoo, watatu wakaingia. Profesa akakigonga kibano kikaachia. Kimya akafuta jicho la mashine lililokuwa na masizi. Wakatoka, na Kimya anaongea bado. Shemeji alikuwa ameona kipande kidogo cha bati kimeanguka nyuma ya meza, na kwa kuwa ni yule mtu wa taratibu, akachuchumaa kukitoa kisije kikakwamisha tena. Mimi kutoka upande wangu sikumwona, meza ilimficha. Bosi Mdogo redio inamfokea, skrini inakimbia. Akafungua kufuli lake, akapandisha swichi, akawasha.

Vibano vikafunga. Masikio yangu yalikuwa yamezibwa na bado nilimsikia. Nikakipiga kile kitufe kikubwa chekundu kwa kiganja changu chote, kila kitu kikafa, na katika ule ukimya wimbo peke yake ukaendelea kulia, ti-ri-ri, ti-ri-ri. Walipomtoa alikuwa ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, uso umebadilika rangi. Nilimwendea huku nalia kwa sauti. Akaniambia, "Shemeji, mdogo wako umwambie polepole. Usiende kumpigia kelele." Yaani mtu vidole vinaning'inia, na anachowaza ni mdomo wangu.

Vidole viwili havikuokoka, cha pete na cha mwisho. Cha kati kilibaki, ila hakikunji.

Halafu ndipo likaja hilo lililoninyima usingizi kwa muda mrefu kuliko ile damu. Meneja alimwita Shemeji ofisini mkono ukiwa bado na bandeji na kumweleza, kwa upole kabisa, kwamba kufuli lake lilikutwa ubaoni. Aliingia kizimbani bila kulifunga. Hilo ni kosa la kufukuzwa kazi, na aliyejiumiza kwa kosa lake mwenyewe hana fidia. Wenzake je? Wenzake walifuata sheria. Bosi Mdogo alishathibitisha: kwenye sehemu yake kila mtu hufunga kufuli lake, siku zote, isipokuwa huyu mmoja siku ile moja. Kilichobaki ni mkaguzi wa serikali kuja kuangalia na kukubali, kisha Shemeji angekwenda nyumbani na jina la mzembe na mkono usiofaa kushika bisibisi. Kiwanda kingine gani kingemchukua?

Kwa maneno mengine, aliangushiwa jumba bovu. Nilipanda ofisini bila kuitwa, ovaroli na jasho langu vile vile. Nikamwambia meneja habari za kufuli la ukoo, mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza, akaweka kalamu chini.

"Mama, nakuelewa. Lakini wewe ni shemeji yake. Mkaguzi hawezi kuchukua neno lako."

"Hapa kila mtu ni shemeji yake!" nikasema.

Hakucheka. Alinifungulia mlango, tena kwa heshima, na hiyo heshima ilinichoma zaidi ya kufukuzwa.

Nikawaendea Profesa na Kimya. Niliwapata kwenye banda la baiskeli wakati wa kutoka. Nikawauliza kama watamwacha mwenzao azame hivi hivi. Kimya, ambaye huongea hata akiwa na chakula mdomoni, alikuwa anatazama mnyororo wa baiskeli yake. Profesa akavua miwani na kuifuta kwa shati.

"Dada, nikisema kweli nasemaje? Nasema na mimi niliingia bila kufuli. Kosa ni lile lile. Nimejifukuza kwa mdomo wangu. Na mke wangu yuko karibu kujifungua."

"Na Shemeji hana mke?"

"Anaye. Ndiyo maana silali."

Nilitaka kumzaba kofi, na papo hapo nilitaka kumshika bega. Sheria ilikuwa imesukwa hivyo: anayesema ukweli anatoka, anayenyamaza anabaki na ukweli wake tumboni. Niliwaacha pale, nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu kwa sababu hasira ilikuwa haikai kwenye kiti.

Jumapili nilikwenda kwa mdogo wangu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda mkono juu ya paja. Nikamwambia, mkaguzi akija wataje. Sema mliingia watatu chini ya kufuli moja, sema ni nani na nani, sema ni la nani. Mkaguzi hawezi kunisikiliza mimi, atakusikiliza wewe.

"Nikiwataja tutakuwa watatu tusio na kazi," akasema. "Inasaidia nini?"

"Inamsaidia mdogo wangu kula!"

"Dada, punguza sauti," mdogo wangu akasema, mguu bado uko kwenye cherehani.

"Sipunguzi! Mtu anatolewa kafara na yeye mwenyewe anashika kamba!"

Hapo mtoto akaingia na kitana, nywele zimefumuliwa. Hakuwa na habari na ugomvi wetu. Akakaa chini katikati ya magoti ya baba yake kama kila Jumapili, akainamisha kichwa. Shemeji akashika kitana kwa mkono wa kulia na kujaribu kugawa nywele kwa ule wa kushoto. Zikateleza. Akajaribu kuzibana kwa kidole gumba na cha shahada, zikateleza tena. Mtoto akasema, "Baba, vuta, siumii." Cherehani ikanyamaza. Nikatoka nje nikasimama karibu na mbao za seremala na kulia kama mtoto, na wala sioni aibu kulisema.

Niliporudi ndani mdogo wangu alikuwa amemchukua mtoto, anamsuka yeye, na anaongea na mume wake bila kumtazama. Yeye si mtu wa maneno mengi, mengi nilichukua mimi.

"Kama hutaki kuwataja, usiwataje. Mimi sitakulazimisha uwauze watu. Lakini wakikuuliza kama wewe ni mzembe, usiitikie. Nyamaza ukitaka, lakini usikubali. Nitashona mpaka macho yaishe, sawa, ila sitaki kushona kwa ajili ya uongo uliousema juu yako mwenyewe."

Shemeji akasema, "Sitakubali."

Kabla ya mkaguzi kuja, kiwanda kilipigwa mswaki. Mistari ya njano sakafuni ilipakwa upya. Makufuli yalifutwa vumbi mpaka picha za watu zikaonekana zinatabasamu. Bosi Mdogo aliwafanyisha mafundi mazoezi: kimbia ubaoni, chukua, rudi, funga, ingia. Mmoja wao alikuwa mgeni aliyeletwa kushika nafasi ya Shemeji, mtu mwenye adabu, aliyefundishwa kufuli la ukoo siku yake ya kwanza na sasa anafundishwa kulisahau. Alikuwa anamtazama Bosi Mdogo kama hajui amwamini yupi, yule wa juzi au huyu wa leo.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, amekuja na viatu vyake mwenyewe vya chuma puani, vimechakaa, na hilo lilinifurahisha. Shemeji aliitwa pia. Alikuja na nguo za nyumbani na kofia ngumu ya kuazima, akaambiwa asimame nyuma ya mstari wa njano. Roboti zilisimamishwa kwa makusudi, mafundi watatu wakaonyesha wanavyoingia. Wakatembea ubaoni, wakachukua, wakafunga, moja, la pili, la tatu. Meneja alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika kama mzazi kwenye mahafali.

"Ni hivi kila siku?" mkaguzi akauliza.

"Kila siku," akajibu Bosi Mdogo, macho yakiwa sakafuni.

Mkaguzi akamgeukia Shemeji. "Na wewe siku ile lako lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa ubaoni."

"Kwa nini?"

Sema, nikawa namwambia kimoyomoyo, sema basi. Profesa alikuwa anaangalia juu kwenye paa. Shemeji alifungua mdomo, akawatazama wenzake wawili, akaufunga.

"Sikulifunga, mama. Hilo ni kweli. Lakini mimi si mzembe." Basi. Akaishia hapo.

Meneja akashusha pumzi. Mafundi wakafungua makufuli yao na kuyarudisha ubaoni, roboti zikawashwa, kazi ikaendelea, na wakubwa wakabaki pale karibu na geti wanaongea. Nilirudi kwenye meza yangu nimevimba kwa hasira. Nikapanga bati, nikabonyeza, nikapanga, nikabonyeza. Kisha moja likakaa upande.

Watu wananiuliza mpaka leo kama nililikalisha makusudi. Naapa sikufanya. Ningekuwa na akili hiyo ningelifanya mapema zaidi. Mabati hukaa upande, ndiyo kawaida yake.

Wimbo ukaanza. Skrini ikawa nyekundu. Na hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona vizuri hivyo, kwa kuwa kila siku na mimi nilikuwa ndani yake. Hakuna aliyefikiri. Mkono wa Bosi Mdogo ulikwenda kiunoni wenyewe, ukashusha swichi, ukafunga kufuli, na mdomo wake ukasema, "Ingieni, ingieni!" Profesa akapita, Kimya akapita, mgeni akapita. Mkaguzi wa serikali amesimama hapo, mkono ungemfikia, na hakuna aliyemkumbuka. Mazoezi yote ya wiki nzima yalikuwa yameyeyuka. Miguu ilikuwa inafuata ilichozoea.

Bati likatoka. Profesa akatoka, Kimya akatoka. Redio ya Bosi Mdogo ilikuwa inafoka. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake tayari, na alikuwa anaupeleka kwenye kufuli, wakati Shemeji alipovuka mstari wa njano. Sijawahi kumwona mtu huyo akikimbia. Alilifunika lile kufuli kwa mkono wake wa kushoto, ule wenye bandeji, akalibana dhidi ya swichi.

"Bado," akasema.

"Shemeji, toa mkono, laini imesimama."

"Bado! Profesa!"

"Nipo nje," Profesa akaitika, hajui hata kwa nini anaitika.

"Kimya!"

"Nipo."

"Mgeni!"

Wimbo tu unalia, ti-ri-ri. Shemeji akaita tena, safari hii kwa nguvu mpaka sauti ikapasuka.

"Mgeni!"

"Nakuja!" Sauti ilitoka nyuma ya meza, chini. "Bisibisi imeniangukia huku!"

Akainuka. Alikuwa amechuchumaa pale pale, mahali pale pale. Akatoka na bisibisi yake mkononi, akatukuta tumesimama wote kama tumegandishwa, akauliza kuna nini. Shemeji akaondoa mkono wake kwenye kufuli. Bandeji ilikuwa imeanza kuloa.

"Sasa unaweza kufungua," akamwambia Bosi Mdogo. "Wametoka wote."

Bosi Mdogo hakufungua. Mkaguzi akatazama lile kufuli moja lenye picha ya mtu mmoja, akageuza shingo kuelekea ubaoni, ambako makufuli matatu yalikuwa yametundikwa yanang'aa. Hakupaza sauti. Alimwuliza Bosi Mdogo kama mtu anayeuliza njia.

"Siku ile ulimwita?"

Meneja akaanza kusema kitu. Mkaguzi akainua kiganja bila kumtazama.

"Sikumwita," Bosi Mdogo akasema. "Niliona wawili nikadhani nimeona watatu. Wote walikuwa chini ya kufuli langu, na mimi sikumwita." Kisha akakaa chini, juu ya saruji, mtu mzima, na kofia yake ngumu akaivua.

Ndipo Profesa akavua miwani na kusema siku ile walikuwa hivi hivi, na siku zote walikuwa hivi hivi. Kimya akaanza kuongea, na alipoanza hakuna aliyeweza kumzuia: skrini, redio, ubao, nani alifundisha nani. Mkaguzi alimwacha aongee.

Mkaguzi alisema kosa linalofanywa na kila mtu kila siku mbele ya macho ya wakubwa si la mtu mmoja, ni la kiwanda, na alilisimamia hilo hilo mpaka likakubalika. Hakufukuzwa mtu. Shemeji alipata fidia yake na kazi nyingine ya kukagua milango, ambayo haihitaji vidole kumi. Makufuli yamehamishiwa getini. Skrini ipo bado, hiyo walikataa kuitoa, na sisi bado tunagombana nayo. Bosi Mdogo aliomba mwenyewe kurudi kupanga mabati. Siku hizi yuko meza ya jirani, ameanza kunenepa.

Lakini jioni ya siku ile tulikuwa hatujui lolote kati ya hayo. Nilimsindikiza Shemeji mpaka nyumbani, bandeji imebadilishwa. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na tepu ya kupimia shingoni. Hakuuliza habari za kazi wala za fidia.

"Umewataja?" akauliza.

"Hapana," Shemeji akasema. "Niliwaita tu watoke."

Tangu siku ya ajali alikuwa hajatoa chozi mbele yetu, kazi hiyo aliniachia mimi. Akauchukua ule mkono wenye bandeji kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni pake, na hapo ndipo alipolia.